Rusheni Shilingi Kabla ya Kutangaza Dawa: Barua ya Wazi kwa Mawaziri wa Afya wa Afrika Mashariki

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Afya wa nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.
Nakala: Tume ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki, Bujumbura.

Waheshimiwa,

Mimi ni mfamasia. Nina duka la dawa Muheza, mkoani Tanga, mji ambao mtu akiamka na homa huulizia dawa mseto ya malaria kwanza, na ni homa ya nini huuliza baadaye. Barua za ndani nimeshaandika. Zilirudi na mhuri wa “imepokelewa” na kimya kikafuata, ndiyo maana leo naandika mbele za watu.

Kila kirusi kipya kinapobisha hodi, dawa za malaria ndizo zinazotajwa mwanzo. Mwaka 2020 ilikuwa klorokwini na dada yake haidroksiklorokwini, kisha dawa ya mmea wa pakanga, ya chupa, kutoka Madagaska. Kabla ya hapo zilishajaribiwa kwa chikungunya, dengi, mafua, hata VVU. Na sisi tumekosea pande zote mbili: dawa isiyo na ushahidi tumeipigia tarumbeta, na dawa iliyoonyesha dalili njema tumeiacha ipigwe vumbi. Kosa la kwanza mnalijua. La pili ndilo linaloninyima usingizi, na nitalifikia.

1. Tumaini halikuwa la kijinga. Kulitangaza kama tiba ndiko kulikokuwa kosa.

Wiki ya mwisho ya Machi 2020 wateja wangu waligawanyika makundi mawili. Wazee waliulizia “klorokwini ile ya zamani”, wengine wakijikuna kwa kumbukumbu tu, maana hakuna wa rika langu aliyesahau muwasho wake. Vijana waliulizia “haidroksi”, jina walilolisikia kwa Rais wa Marekani. Hapa Tanzania klorokwini iliondolewa kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikuwa vimeshaizoea. Nikawaambia sina. Wengi waliondoka wakiamini nimewafichia ndugu zangu.

Wanasayansi waliotumaini hawakuota ndoto. Virusi vingi huingia ndani ya seli vikiwa vimemezwa kwenye vifuko vidogo, na huhitaji tindikali ya vifuko hivyo ili vifunguke na kuanza kazi yao. Klorokwini huipunguza tindikali hiyo. Maabarani, virusi vya korona vilizuiwa kweli. Shida ni kwamba seli zilizotumika zilikuwa za figo ya tumbili. Seli za mapafu ya binadamu zina kimeng'enya kinachokifungulia kirusi mlango palepale juu ya ngozi ya seli, bila kupitia vifuko. Julai 2020 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba kwenye seli za mapafu klorokwini haizuii chochote. Mlango wa nyuma ulitiwa kufuli, mwizi akapita barazani.

Utafiti wa Marseille uliowasha moto ule ulikuwa na wagonjwa 36 tu, na baadhi ya waliopewa dawa wakazidiwa hadi chumba cha mahututi, na mmoja aliyefariki, hawakuingizwa kwenye hesabu ya mwisho. Jarida lililouchapisha liliufuta Desemba 2024, maji yakiwa yamekwisha kumwagika. Waingereza walifanya jambo la kuchosha lakini sahihi: katika jaribio lao la RECOVERY waligawa wagonjwa kwa bahati nasibu, 1,561 wakapewa haidroksiklorokwini pamoja na huduma ya kawaida, 3,155 huduma ya kawaida peke yake. Baada ya siku 28 walikuwa wamefariki asilimia 27 upande wa dawa na asilimia 25 upande wa pili. Matokeo yalitangazwa tarehe 5 Juni 2020. Siku kumi baadaye Marekani ilifuta kibali cha dharura ilichokuwa imekitoa Machi.

Kwetu je? Tarehe 20 Aprili 2020 Rais Andry Rajoelina wa Madagaska alikunywa Covid-Organics, ile pakanga ya chupa, mbele ya kamera. Wiki chache baadaye ndege ya Tanzania ilikwenda kuchukua shehena, na Waziri wetu wa Mambo ya Nje akaipokea. Siidharau pakanga. Artemisinini inayotoka humo ndiyo iliyompatia Tu Youyou wa China Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na ndiyo iliyomo kwenye mseto ninaouza kila siku. Ila dawa utaipimaje katika nchi ambayo tangu mwisho wa Aprili ilikuwa imeacha kutangaza idadi ya wagonjwa? Kama chupa zile zilimponya mtu hatutajua. Kama zilimwacha mtu afe nyumbani akidhani amekwisha kutibiwa, hilo nalo hatutalijua.

Ombi langu la kwanza ni la maandishi, si la kauli: mkubaliane kwamba hakuna kiongozi wa serikali katika nchi zenu atakayeitaja dawa yoyote kuwa tiba ya mlipuko kabla mamlaka ya dawa ya nchi yake haijaona matokeo ya jaribio lenye kundi la kulinganisha. Na mwanzo uwe ninyi wenyewe. Mkuu wa nchi akitaka kuisifu chupa, waziri wake wa afya awe na karatasi ya kumwonyesha.

2. Gharama ililipwa na watu ambao hawakuwa na korona.

Nina mteja mwenye lupasi. Ni mwalimu, mama wa watoto watatu. Kwake haidroksiklorokwini ndiyo inayomwezesha kushika chaki. Ikikosekana viungo huvimba na figo huwa hatarini. Mwaka ule bei ilipanda, kisha dawa ikapotea kabisa. India, ambayo ndiyo inayotulisha vidonge, ilizuia kuiuza nje kwa muda. Msambazaji wangu mmoja akaniambia anayo kidogo, ameiweka kwa “wateja maalumu”. Nilimuuliza kama mgonjwa wa lupasi si mteja maalumu. Akacheka.

Mwalimu alipunguza dozi ili vidonge vifike mbali. Mimi ndiye niliyemsaidia kuvikata.

Kwingine ilikuwa mbaya zaidi. Lagos watu walilazwa kwa sumu ya klorokwini waliyojinunulia. Manaus, Brazili, jaribio lililotumia dozi kubwa lilisimamishwa baada ya vifo kuzidi upande huo: 16 kati ya wagonjwa 41, dhidi ya 6 kati ya 40 waliopewa dozi ndogo. Klorokwini ni dawa yenye ukingo mwembamba. Kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachosimamisha moyo hakuna uwanja mpana, na kwa mtoto ukingo huo ni mwembamba zaidi.

Kwa hiyo ombi la pili: siku dawa ya ugonjwa wa kudumu inapotajwa kwa ugonjwa wa mlipuko, bohari za dawa za serikali zitenge akiba ya miezi sita kwa wagonjwa walioandikishwa. Wagonjwa wa lupasi na baridi yabisi wana majina kwenye madaftari ya kliniki. Si kazi ya kutafutana gizani.

3. Chikungunya ni ya kwetu hata jina.

Hapa nitapita haraka, lakini siwezi kuacha. Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Makonde, na jina lake ni la Kimakonde, kwa jinsi unavyomkunja mtu. Mwaka 2004 ulivuma Lamu, na uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba robo tatu ya wakazi walikuwa wameupata. Ukavuka bahari hadi Komoro na Réunion. Na ni huko Réunion, mwaka 2006, ndiko klorokwini ilikopimwa kwa wagonjwa wa chikungunya: haikupunguza virusi, na siku 200 baadaye waliopewa dawa ndio waliolalamikia maumivu ya viungo zaidi.

Jibu hilo lingeweza kutoka Lamu au Newala ya Wamakonde. Ukanda wetu ulikuwa na wagonjwa wa kutosha kabla ya Réunion kuwa nao. Tulichokosa ni karatasi ya jaribio iliyokwisha kusainiwa.

4. Foya, au kuhusu dawa mliyoiacha.

Nawaomba hapa mtulie.

Foya ni mji mdogo katika kaunti ya Lofa, Liberia, karibu na mipaka ya Guinea na Sierra Leone. Mwaka 2014 Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa na kituo cha Ebola pale. Kila aliyelazwa alipewa pia dawa ya malaria, kwa kuwa homa hizi mbili huanza na sura moja na mtu anaweza kuwa nazo zote. Dawa ilikuwa mseto huuhuu wetu, wa artemeta na lumefantrini. Mwezi Agosti mseto ukaisha stoo. Kwa siku 12 wagonjwa wakapewa mchanganyiko mwingine, wa artesuneti na amodiakwini.

Mfamasia yeyote anaijua fedheha ya kuishiwa. Unamtazama mgonjwa usoni ukimwambia “imekwisha”. Foya upungufu ule uligeuka jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Walipokaa kuhesabu, kati ya wagonjwa 194 wa Ebola walioandikiwa mseto wa kawaida, asilimia 64 walifariki. Kati ya 71 walioandikiwa wenye amodiakwini, walifariki asilimia 51. Baada ya kusawazisha umri, wingi wa virusi mwilini na mengineyo, hatari ya kufa ilikuwa pungufu kwa asilimia 31. Hayo yalichapishwa Januari 2016 katika New England Journal of Medicine, jarida ambalo washauri wenu wote wanalisoma.

Huu si uthibitisho, na nitakuwa mtu wa kwanza kusema hivyo. Wagonjwa hawakugawanywa kwa bahati nasibu. Huenda siku zile 12 zilikuwa na kitu kingine tusichokiona. Huenda hata si amodiakwini iliyosaidia, bali lumefantrini iliyodhuru. Watafiti wenyewe walilitaja hilo. Amodiakwini ina madhara yake kwenye ini na kwenye chembe nyeupe za damu, na ini la mgonjwa wa Ebola tayari limejeruhiwa. Kwa hiyo wewe msomaji unayesoma barua isiyo yako, usije kesho dukani kwangu kuulizia amodiakwini ya Ebola. Sitakuuzia.

Ila Waheshimiwa, linganisheni. Kwa wagonjwa 36 wa Marseille dunia ilianzisha majaribio ya haidroksiklorokwini kwa mamia. Kwa wagonjwa wa Foya, waliokuwa wengi zaidi na waliohesabiwa kwa uangalifu zaidi, kidokezo kiliachwa kwenye karatasi. Mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri, uliochukua watu 2,287 kati ya 2018 na 2020, ulikuwa na jaribio kubwa la dawa nne. Amodiakwini haikuwamo.

Na hapa ndipo ninapouliza swali ambalo nimelibeba miaka. Ikiwa kila mgonjwa anayeshukiwa kuwa na Ebola au Marburg atapewa dawa ya malaria kwa vyovyote vile, kwa nini isiamuliwe kwa kurusha shilingi apewe mseto upi? Michanganyiko yote miwili ni tiba halali ya malaria. Wenye amodiakwini ndio dawa ya kwanza Zanzibar tangu 2003, na Kongo wanautumia. Hakuna mgonjwa anayenyimwa tiba. Hakuna kidonge kinachonunuliwa kwa bei ya kuumiza. Gharama ni shilingi ya kurusha, daftari la kuandika, na mtu mwenye uaminifu wa kuhesabu waliopona na waliokufa.

Kwa Ebola ya aina ya Zaire leo kuna dawa mbili za kingamwili zilizothibitishwa. Kwa Ebola ya Sudan na kwa Marburg hakuna dawa iliyoidhinishwa. Hata kingamwili zile ni za mshipani, zinataka baridi na muuguzi. Kidonge kinachokaa kabatini kwenye zahanati ya Biharamulo, mkoani Kagera, ni kitu kingine kabisa, hata kama kitasaidia kidogo tu.

Ombi la tatu, na ndilo kuu: Tume ya Bujumbura iandike itifaki moja ya kulinganisha michanganyiko hii miwili kwa kila mgonjwa wa homa ya virusi inayosababisha kutokwa damu katika nchi zote nane. Kamati za maadili ziipitie sasa, wakati hakuna anayekufa, si siku ambayo mahema yameshasimikwa. Wawemo watu wa taasisi za utafiti: wa INRB Kinshasa, wa Entebbe, wa KEMRI, wa NIMR. Na matokeo yachapishwe hata kama amodiakwini itashindwa. Hasa kama itashindwa, ili kidokezo cha Foya kizikwe kwa heshima na mtu asije akakifufua siku moja kwenye jukwaa la siasa.

5. Msiniambie haiwezekani.

Beni, Butembo, Katwa, Mangina: huko risasi zilikuwa zinalia, vituo vya Ebola vilichomwa moto, na bado wagonjwa 681 waliingizwa kwenye jaribio la dawa nne kwa bahati nasibu, likiongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake. Agosti 2019 likatoa jibu. Dawa mbili zilipunguza vifo hadi karibu theluthi moja. Remdesiviri, iliyokuja na sifa zake kubwa, haikuwa miongoni mwazo. Na moja ya zile mbili ilitengenezwa kutokana na damu ya mtu aliyenusurika mlipuko wa Kikwit wa 1995. Bila kundi la kulinganisha tungekuwa bado tunabishana.

Uganda nayo. Septemba 20, 2022 ilitangaza Ebola ya Sudan. Chanjo za majaribio zilifika Desemba 8, siku 79 baadaye. Mgonjwa wa mwisho alikuwa ameshatoka hospitali Novemba 30. Waganda hawakukunja mikono. Waliandaa makaratasi. Ugonjwa uliporudi Kampala na kutangazwa Januari 30, 2025, jaribio la chanjo lilianza Februari 3, tena likiitwa kwa Kiswahili: Tokomeza. Kutoka siku 79 hadi siku 4. Rwanda, kwenye Marburg ya 2024, ilianza kuchanja siku ya tisa.

Tofauti iliyoko kati ya 79 na 4 haikuletwa na fedha za ghafla wala na wataalamu wa kushushwa na ndege. Vibali vilikuwa tayari. Kwa chanjo mmeweza. Kwa kidonge ambacho kila zahanati inacho mnasubiri nini?

6. Kagera imebeba mizigo miwili.

Marburg iliingia Bukoba mwaka 2023 na Biharamulo mwaka 2025. Mkoa huohuo, upande wa Karagwe, ndiko watafiti wetu walikokuta vimelea vya malaria vyenye mabadiliko yanayovifanya vichelewe kufa kwa artemisinini, sawa na vile vilivyoonekana Rwanda. Yawekeni mambo haya mawili mezani pamoja. Siku homa isiyojulikana itakapoibuka huko na mtu maarufu akasema “artemisinini inatibu”, watu watakunywa nusu dozi, robo dozi, chai ya pakanga asubuhi na jioni. Kirusi hakitajali. Vimelea vya malaria ndivyo vitakavyopata mafunzo.

Klorokwini tulishaipoteza hivyo. Malawi waliiacha mwaka 1993, na zaidi ya miaka kumi baadaye vimelea vilivyoizoea vilikuwa vimekwisha kutoweka huko, ikatibu tena. Lakini Malawi walikuwa na dawa nyingine ya kushika wakati wakisubiri. Nikitazama kabati langu leo, nyuma ya artemisinini sioni foleni ndefu. Watoto wanaolazwa kwa malaria Muheza hawawezi kuweka miadi ya miaka kumi.

Ombi la nne na la mwisho ni dogo, na ndilo langu binafsi. Ndani ya saa 48 tangu mlipuko kutangazwa, kila duka la dawa lipate karatasi moja, kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kiganda, Kilingala, Kisomali na lugha nyingine za watu wenu, inayosema dawa ipi inapimwa, wapi, na ipi isiuzwe bila cheti. Iwe na mhuri wa mamlaka ya dawa. Ujumbe wa simu hautoshi. Wateja wangu wanaletewa ujumbe wa simu na kila mtu.

Mwaka 2020 nilisimama peke yangu nyuma ya kaunta, nikimwambia mzee mwenye hofu kwamba dawa aliyoisikia redioni haitamsaidia. Aliniuliza, “Wewe nani, mjukuu wangu, hata ubishane na marais?” Sikuwa na jibu. Watu hao watarudi, na watafika dukani kwangu kabla ninyi hamjaitisha kikao. Naomba wakifika niwe na hiyo karatasi ya kuwaonyesha.

Wenu katika kazi,

Mfamasia, Muheza